Je, wajua kwa nini mhusika aliyeachwa nyuma huwafikia wenzake katika mchezo mmoja, na katika mwingine hawafikii?

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, mhusika hupanda ngazi kwa kukusanya pointi za uzoefu zinazogawiwa na msimamizi wa mchezo. Mchezaji akikosa vikao kadhaa, au mhusika wake akauawa na akaanza na mpya, pengo huzaliwa. Kama litajiziba lenyewe au la, hilo huamuliwa na jedwali la pointi, na wasimamizi wengi hutoa uamuzi kabla ya kulisoma.

Tuanze na Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka mwaka 1974. Katika toleo lake la msingi la 1981, mpiganaji alifika ngazi ya 2 kwa pointi 2,000, ya 3 kwa 4,000, ya 4 kwa 8,000, na jumla ikaendelea kujirudufu hadi 32,000 kwa ngazi ya 6 na 64,000 kwa ngazi ya 7. Sasa mwingize mpiganaji mgeni asiye na pointi hata moja katikati ya wenzake wa ngazi ya 6. Ili wapande hadi ya 7, kila mmoja lazima apate 32,000 zaidi. Mgeni akipata fungu sawa na lao, naye yuko ngazi ya 6. Jedwali limemvuta, msimamizi hakufanya lolote. (Enzi hizo mwizi alifika ngazi ya 2 kwa 1,200 na mchawi kwa 2,500, kwa hiyo kundi lenye ngazi mchanganyiko lilikuwa jambo la kawaida tu.)

Toleo la tano, la mwaka 2014, halina mvuto huo kila mahali. Chini bado upo: kutoka ngazi ya 5 hadi ya 6 ni kutoka pointi 6,500 hadi 14,000, yaani 7,500, na mgeni akizipata zote anasimama ngazi ya 5. Juu mambo hubadilika. Kundi likitoka ngazi ya 10 (64,000) hadi ya 11 (85,000), mgeni huambulia 21,000, ambazo zinamfikisha ngazi ya 6 tu. Bado yuko nyuma kwa ngazi tano, kwa sababu jumla zimeacha kujirudufu.

Na hesabu hiyo yote inadhani kwamba mgeni atakuwa hai. Mchawi wa ngazi ya 1 huwa na pointi za uhai kama 8. Jitu la vilimani, adui wa kawaida kwa kundi la ngazi ya 5, humpiga mtu rungu moja la wastani wa pointi 18. Kanuni inasema madhara yanayobaki baada ya uhai kufika sifuri yakilingana na uhai wake wote au kuuzidi, mhusika hufa papo hapo. Kumi na nane toa nane ni kumi. Amekwisha.

Kulenga shabaha, kwa upande mwingine, si tatizo kubwa: nyongeza ya ustadi (namba inayojumlishwa kwenye matokeo ya dadu) ni +2 hadi ngazi ya 4, kisha +3 kuanzia ya 5, tofauti ya asilimia tano tu kwenye dadu ya pande 20. Kinachouma ni uhai na nguvu za ngazi ya 5, pale mpiganaji anapoanza kushambulia mara mbili kwa zamu. Pengo la ngazi mbili linavumilika, lakini 3 na 5 ni pengo baya kuliko 6 na 8.

Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, katika toleo lake la pili ni mkali zaidi. Ngazi huongezwa karibu kwenye kila kitu mhusika anachokijua, na anayepita kiwango kinachotakiwa kwenye dadu kwa 10 hupata pigo la hatari, lenye madhara maradufu. Aliye nyuma hukosa zaidi na hupigwa vibaya zaidi, hivyo hata ngazi moja ni nyingi. Ngazi zote huko hugharimu pointi 1,000, kwa hiyo fungu sawa halizibi kitu. Aliye nyuma apewe pointi maradufu hadi awafikie.

Wanaotumia ngazi kuwazawadia wanaohudhuria hukosea, kwa maoni yetu. Adhabu huwaangukia wenzi wa aliyekosa vikao, wanaolazimika kumlinda mhusika wake dhaifu. Zawadi ya dhahabu au kifaa inatosha. Ngazi zipande kwa kundi zima.

Pengo likiwepo, msimamizi asipime ugumu wa pambano kwa kuzidisha kiwango kimoja kwa idadi ya watu. Katika toleo la tano la 2014, pambano la ugumu wa wastani hupimwa kwa pointi za uzoefu za maadui: 500 kwa kila mhusika wa ngazi ya 5, na 50 kwa wa ngazi ya 1. Wanne wa ngazi ya 5 pamoja na mgeni wa ngazi ya 1 ni 2,050, si 2,500. Jitu moja hula 1,800 kati ya hizo. Afadhali kugawa bajeti kwa maadui wengi wadogo, ambao mgeni anaweza kupigwa nao mara moja na bado akabaki na zamu yake.