Saizi ya fremu, na ile 28 inayosumbua watu

Novemba imeingia na simu zimeanza. Naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na kila majani yakianza kupukutika hakosi Mswahili mwenzangu anayesaka baiskeli ya baridi kwa bei ya kutupa. Juzi ilikuwa zamu ya mtoto wa shangazi. "Kaka, nimepata chuma! Namba 28, kama Phoenix ya babu. Na 28 si kubwa? Ndiyo nzuri, maana nitavaa makoti." Maneno machache, makosa matatu, na si yeye wa kwanza.

Maana yenyewe ni fupi. Saizi ya fremu ni kipimo cha mabomba ya baiskeli, bila magurudumu wala siti. Kwa desturi hupimwa lile bomba linaloshika siti, kuanzia katikati ya ekseli ya pedeli (ile inayopita ndani ya fremu, mikono ya pedeli inapofungwa) kupanda juu, kwa sentimita: 52, 54, 56. Baiskeli ya baridi nayo ni ile ya lami, ya usukani wa pembe, ambayo Waingereza huitoa miezi ya giza ili ile nzuri isiliwe na chumvi inayomwagwa barabarani. Huvaa madigadi na tairi nene kidogo. Basi.

Tatizo ni mazoea yetu ya namba. Kiatu namba ngapi, spana namba ngapi, baiskeli namba ngapi. Nyumbani ukiulizwa namba ya baiskeli unajibu 26 au 28, na hakuna anayekushangaa, kwa sababu fundi anataka kujua akupe tairi na tyubu gani. Fremu haikuwa na cha kuulizwa. Ile Phoenix nyeusi ilikuja ilivyokuja, mrefu akapandisha siti, mtoto akapitisha mguu chini ya bomba la juu na akaendesha upande. (Dar, kwanza, ukisema unatafuta fremu utaulizwa unataka kuuza nini, na kama ni Kariakoo au Sinza.)

Sasa hiyo 28. Ya babu ni inchi: kipenyo cha gurudumu zima, tairi likiwa na upepo. Inchi 28 ni milimita 711. Tairi lenyewe lina unene wa inchi moja na nusu, yaani kama milimita 38 juu na 38 chini, kwa hiyo mahali tairi linapokaa kwenye rimu panabaki milimita 635. Baiskeli za lami za leo rimu yake ni 622. Tofauti ni milimita 13 tu, lakini tairi la babu halikai hapo hata ulibembeleze kwa vijiko viwili na sabuni.

Mdogo wangu hakuwa ameisoma 28 ya babu. Nilimwomba picha ya ubavu wa tairi, ikaja imeandikwa 700x28C. Hiyo 28 ni unene wa tairi kwa milimita. Na 700? Ni kipenyo cha nje cha zamani, cha Wafaransa, waliogawa magurudumu ya milimita 700 kwa herufi kufuata unene wa tairi. C lilikuwa nene, karibu milimita 39 kila upande, ndipo 622 ikafika 700. Leo ukifunga tairi la 28 kwenye rimu hiyo hiyo unapata 678. Kwa hiyo 700 si 700, 28 si inchi, na Wajerumani nao gurudumu hili la 622 wanaliita 28 kwa mazoea ya inchi. Namba moja ina maana tatu, na hakuna hata moja inayohusu fremu.

Huwa nawaza kosa limo ndani ya neno. Zamani Kiswahili kilikuwa na cheo kwa maana ya kipimo, na kamusi bado zinalitaja. Leo ukimuuliza mtu cheo cha fremu yake atadhani unamtania. Tukachukua saizi. Nalo size la Kiingereza lina asili moja na assize, lililotokana na Kifaransa cha kale: kikao cha kuweka kiwango rasmi. Sasa fremu za baiskeli ndizo zisizo na kiwango rasmi hata kidogo. Waingereza walipima kwa inchi, 21 au 23. Wataliano kwa sentimita. Wengine waliishia katikati ya makutano ya mabomba, wengine juu kabisa, na hapo fremu ile ile inaongezeka sentimita moja na nusu au mbili bila mtu kuigusa. Miaka ya 1990 ikaja Giant TCR, iliyobuniwa na Mwingereza Mike Burrows, yenye bomba la juu linaloteremka kuelekea siti. Bomba la siti likawa fupi na namba ya zamani ikapoteza maana. Siku hizi fremu inaweza kuitwa 54 na usikute sentimita 54 popote juu yake.

Ndiyo maana kwenye jedwali la mtengenezaji utatafuta mistari miwili, "stack" na "reach". Wa kwanza ni kimo: kutoka ekseli ya pedeli kwenda juu mpaka kichwa cha fremu. Wa pili ni masafa ya kwenda mbele mpaka hapo hapo. 54 ya mashindano na 54 ya safari ndefu, hata zikiwa za kampuni moja, zinaweza kuachana sentimita mbili au zaidi kwa kimo. Linganisha hizo, na zile namba za kubandikwa waachie wauzaji.

Tuje kwenye makoti, maana hili ndilo linaloniudhi. Fremu haivaliwi juu ya nguo. Urefu wa mguu wako ni ule ule Julai na Januari. Soli nene ya kiatu cha baridi inadai siti ipande milimita chache, suruali nzito inadai ishuke milimita chache, na mwishowe hujafanya kitu. Koti linakubana ukiinama? Inua usukani sentimita moja kwa pete, au funga shingo ya usukani fupi kidogo. Hiyo ni kazi ya spana ya kona na dakika tano.

Wapo wanaochukua kubwa ili madigadi yapate nafasi. Lakini gurudumu la fremu 50 na la fremu 60 kwa kawaida ni lile lile la 622! Nafasi ya madigadi hutegemea breki na uma, ule unaoshika gurudumu la mbele. Kwa breki za rimu, zile za mashindano zinafika milimita 39 hadi 49 kutoka skrubu hadi raba, ndefu 47 hadi 57. Hizo ndefu ndizo za baridi.

Na wapo wa kinyume, wanaoshauri ndogo. Hao hawajakata kona polepole kwenye kiplefti kilichojaa majani mabichi wakasikia ncha ya kiatu ikikwaruza madigadi ya mbele. Fremu ikipungua, gurudumu linasogelea mguu, na madigadi yanalisogeza zaidi. Mimi nina sentimita 176, naendesha 54 kiangazi na 54 baridi, na bado kwenye ile ya baridi kiatu kinagusa kwa mbali.

Nilimjibu hivi: hiyo 28 ni unene wa tairi, mdogo wangu, na kwa baridi ni unene mzuri. Fremu ni habari nyingine. Shika tepu, anzia katikati ya ekseli ya pedeli, panda na bomba mpaka mdomoni inapoingia siti, unitumie sentimita.

Akatuma 60, na kwenye picha bomba la juu limelala sawasawa, la kizamani. Yeye na mimi tunaazimana suruali. Nimemwomba amrudishie mwenyewe kabla hajafunga madigadi.