Wali mweupe na ugonjwa wa sukari: hiyo hatari ni ya kiasi gani?

Mwambie mtu wa Lamu wali unaleta sukari akucheke, wali wa nazi na samaki wa kupaka watu wamekula tangu enzi za mababu, leo ndo uwe ugonjwa? Ana haki ya kuuliza, ila mababu walikuwa wanavuta makasia na kulima shamba, wengi wetu saa hizi tunakaa barazani na simu.

Kinachotokea ni hivi. Punje ikikobolewa inatoka pumba na kiini, nyuzinyuzi na magnesiamu nyingi zinaondoka nazo, kinachobaki zaidi ni wanga ambao tumboni unageuka glukosi upesi sana, kwa hivo sukari ya damu inaruka na kongosho inamwaga insulini, ile homoni ya kuishusha sukari, kwa wingi. Ikiwa hivo mchana na usiku miaka nenda miaka rudi, hasa kwa mtu mwenye kitambi, mwili unaanza kutoisikia insulini. Hapo ndo kisukari aina ya 2 kinapoanzia, aina ya 1 ni mambo mengine kabisa.

Mwaka 2012 watafiti wa Harvard walijumlisha tafiti za China, Japani, Marekani na Australia, watu zaidi ya 350,000, wakaona kila kikombe kimoja hivi cha wali kinachoongezeka kwa siku kinaendana na hatari kupanda asilimia 11. Sasa watu wakisikia 11 wanadhani kati ya walaji 100 wataugua 11, hapana jamani. Tuseme mtaani kwenu watu 100, na 10 wangeugua hata hivyo, basi asilimia 11 ya hao 10 ni kama mtu mmoja, wanakuwa 11. Na kuendana si lazima iwe wali wenyewe ndo umesababisha, walifuatiliwa tu watu na maisha yao yote mengine.

Lakini hesabu ni ya kikombe kimoja, na sahani zetu zile za kupakuliwa mpaka wali unamwagika pembeni ni vikombe vingapi? Biriani ya harusi sina shida nayo, mimi naogopa ile ya kila siku. Punguza wali, ongeza samaki, kunde na mchicha. Na ukisema umeacha wali alafu jioni unakula vitumbua na chai ya sukari, kitumbua si ni mchele huohuo, umesagwa tu ukatiwa sukari juu yake.