Kupachika folda ya wingu kwenye seva: maana yake, na pale inapogoma

Kupachika, ambako mafundi wa Linux hukuita mount kwa jina la amri yake, ni kuifanya folda iliyo kwenye kompyuta nyingine ionekane kama imo ndani ya seva yako. Faili hazihami. Ukifungua folda hiyo, tuseme /mnt/picha, kila unachosoma kinapita kwenye mtandao. Kampuni ya Sun Microsystems ilibuni NFS, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kazi hiyo, mwaka 1984, na EFS, hifadhi ya faili ya wingu ya Amazon, bado inaitumia, toleo la 4. Ndiyo maana seva tatu za tovuti moja huweza kusoma picha zilezile.

Ikigoma, soma ujumbe wa kosa kabla ya kugusa chochote. Umepiga hodi, kimya, ukangoja mpaka ikaandikwa “Connection timed out”? Basi hodi haikufika. Mara nyingi ukuta wa moto (firewall), kinga inayochuja mawasiliano ya mtandao, umeimeza. EFS husikiliza mlango (port) wa 2049 wa TCP, na kundi la usalama (security group, yaani ukuta wa moto wa Amazon) la upande wa hifadhi ndilo linalopaswa kuiruhusu seva iingie. Wengi hurekebisha upande wa seva tu, wakashinda hapo siku nzima. Azure Files, hifadhi ya Microsoft, ikitumia itifaki ya SMB hupitia 445, mlango ambao kampuni nyingi za intaneti huufunga. Jaribu mlango kwa amri hii: nc -zv, jina la hifadhi, kisha 2049. Ukijibiwa, njia ni nzima, acha kuichokonoa.

“Permission denied” unapoandika faili ni habari nyingine: umeshakaribishwa ndani, ila huruhusiwi kugusa. Hapa NFS huwachanganya hata wazoefu, kwa sababu kwa kawaida hukagua namba ya mtumiaji, si jina. Mtumiaji “duka” akiwa 1000 kwenye seva ya kwanza na 1001 kwenye ya pili, kwa hifadhi hao ni watu wawili. Amri ya ls -n inazionyesha namba hizo wazi.

Kuna pia lile la asubuhi, seva imewashwa upya usiku: folda ipo, lakini tupu. Faili hazijafutwa. Seva ilijaribu kupachika kabla mtandao haujawa tayari, kwa hiyo ongeza _netdev kwenye mstari wake katika /etc/fstab, faili lenye orodha ya folda za kupachikwa seva inapowaka, ili isubiri mtandao. Lakini usikimbilie kupachika tena. Kama kuna picha zilizopakiwa tangu usiku, zimeandikwa kwenye diski ya seva yenyewe, na ukipachika juu yake hutaziona. Zihamishe kwanza.