Utapiamlo wa utotoni, ubongo na dawa: maswali ya wazazi na majibu yake

Mwanangu alilazwa kwa kwashakoo kabla hajafikisha mwaka. Sasa amejaa na anakula vizuri. Je, ubongo wake nao umepona?

Mwili umepona, na hilo si jambo dogo. Ubongo unahitaji kuangaliwa kwa muda mrefu zaidi. Ushahidi mzuri unatoka kisiwani Barbados. Mwaka 1973, Dk. Frank Ramsey na Dk. Janina Galler walianza kuwafuatilia watoto waliozaliwa kati ya 1967 na 1972, waliowahi kulazwa kwa utapiamlo katika mwaka wao wa kwanza. Baada ya kutoka hospitali walipata chakula na huduma, na kufikia ujana walikuwa wamewafikia wenzao kwa kimo na uzito. Darasani mambo yalikuwa tofauti. Watoto 60 hivi kati ya kila 100 walikuwa na dalili za kukosa umakini, wakati kwa wanafunzi wenzao ambao hawakuugua walikuwa 15 kati ya 100. Walipofika utu uzima, shida hiyo ya umakini ilikuwa bado ipo kwa wengi.

Ziangalie namba hizo pande zote mbili: watoto 40 katika kila 100 hawakuwa na tatizo hilo. Mwanao hajahukumiwa. Ila akianza shule na mwalimu akasema "huyu mtoto hatulii, anasahau, hamalizi kazi", usikubali aitwe mvivu wala achapwe kwa hilo. Mweleze mwalimu alichopitia.

Njaa huufanyia nini ubongo hasa?

Seli za ubongo huwasiliana kwa kemikali, na malighafi ya kemikali hizo ni chakula. Serotonini, inayohusika na usingizi, hamu ya kula na hali ya moyo, hutokana na triptofani, sehemu ya protini iliyomo kwenye maharage, karanga, mayai, samaki na maziwa. Dopamini, inayohusika na ari na umakini, hutokana na tairosini, sehemu nyingine ya protini, na kimeng'enya (kichocheo cha mwili) kinachoanzisha kazi hiyo hakifanyi kitu bila madini ya chuma. Homoni ya tezi ya shingo, inayosaidia nyuzi za neva zipate utando wake, haitengenezwi bila madini joto, yale yanayowekwa kwenye chumvi.

Mahindi yana triptofani kidogo. Kwa hiyo uji mweupe mtupu, wa sembe, maji na sukari, hulijaza tumbo la mtoto bila kumpa cha kujengea ubongo, na mtoto mwenyewe hulala ameshiba. Hili huniumiza, kwa sababu mara nyingi nyumba hiyo hiyo haikosi maharage, ila huambiwa kwamba hicho ni chakula cha wakubwa. Ubongo hukua kwa kasi kuliko wakati wowote kuanzia miezi ya mwisho ya ujauzito, na mtoto akifika miaka miwili umeshafikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima.

Wengi hudhani kwamba njaa hupunguza kila kemikali. Sivyo. Panya waliozaliwa na mama walionyimwa protini wakati wa mimba walikutwa na serotonini nyingi kuliko kawaida katika ubongo. Sababu mojawapo ni albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini. Albumini ni kama daladala: triptofani husafiri ndani yake, na abiria hawezi kuingia nyumba yoyote mpaka ashuke. Protini ikikosekana kwenye chakula, daladala huwa chache, triptofani nyingi hubaki huru kwenye damu, na iliyo huru ndiyo inayopenya kuingia ubongoni. Serotonini huongoza pia namna seli changa zinavyojipanga, kwa hiyo ikizidi wakati ubongo bado unajengwa huleta madhara, kama inavyoleta ikipungua.

Hayo yanahusianaje na dawa?

Dawa nyingi hupanda daladala hizo hizo. Fenitoini, dawa ya kifafa, husafiri sehemu kubwa ikiwa imeshikwa na albumini, na diazepamu, dawa ya kutuliza, zaidi ya hapo. Albumini ikiwa chini, dozi ile ile huacha dawa nyingi zaidi ikiwa huru, na nguvu yake huongezeka. Ini lililochoka huchelewa kuzivunja baadhi ya dawa, na figo nazo huchelewa kuzitoa.

Mfano ulio karibu na kila nyumba ni parasetamoli, ambayo wengi tunaiita Panadol. Ini linapoivunja, hutokea kiasi kidogo cha sumu ambacho huzimwa na kinga ya mwili iitwayo glutathioni. Mtoto mwenye kwashakoo ana glutathioni kidogo. Kijiko cha ziada "kwa sababu homa haishuki" kwake si kitu cha kujaribu.

Zipo dawa zinazoelekea upande wa pili. Lumefantrini, iliyomo ndani ya dawa mseto ya malaria (ALu), hupatikana kwa kiwango cha chini katika damu ya watoto wenye uzito mdogo kwa umri wao. Dawa hii hufyonzwa vizuri pamoja na mafuta, basi mpe mtoto maziwa, au uji uliotiwa karanga, wakati wa kumeza, na umalize dozi yote ya siku tatu hata kama homa imeondoka siku ya pili.

Hospitali walikataa kumpa mwanangu dawa ya kuongeza damu, na alikuwa amepauka. Walikosea?

Hapana. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, madini ya chuma, yaliyomo kwenye dawa hiyo, hayatolewi siku za mwanzo. Mwili wake hauna protini za kutosha za kuyashika, na chuma kilicho huru huzidisha maambukizi na kuumiza seli. Husubiriwa mpaka hamu ya kula irudi na aanze kuongezeka uzito. Utaratibu huu ni wa Shirika la Afya Duniani.

Na akipata degedege?

Mpeleke kituo cha afya mara moja. Mtoto aliyedhoofika huishiwa sukari ya damu kwa urahisi, na degedege huweza kutokana na hilo. Uliza kwa upole: "Daktari, sukari amepimwa?" Jambo jingine: mtoto huyu anaweza kuwa na maambukizi makali bila mwili kuchemka. Ukimwona amelala tu mkekani, miguu imevimba, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu-nyekundu, halii wala hafuati mtu kwa macho, usisubiri homa ndiyo uondoke nyumbani.

Baada ya kupona, atakapokuwa mtu mzima, dawa zitamfanyia kazi tofauti?

Kwa panya, ndiyo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo, tawi la Ribeirão Preto nchini Brazil, waliwanyima panya wachanga protini kisha wakawalisha vizuri hadi wakakomaa. Panya hao waliitikia kidogo kuliko kawaida dawa za kutuliza wasiwasi za kundi la diazepamu. Dawa hizo hufanya kazi kupitia GABA, kemikali inayotuliza seli za ubongo, na njaa ya awali ilikuwa imeuacha mfumo huo umebadilika ingawa uzito ulikuwa umerudi. Hao ni panya, na hakuna mtu anayepaswa kujiongezea wala kujipunguzia dozi kwa sababu hiyo. Lakini naamini swali "uliwahi kuugua utapiamlo utotoni?" linastahili kuulizwa kliniki ya afya ya akili, kama tunavyouliza kuhusu kifafa na ajali za kichwa.

Nimesikia njaa inayompata mtoto akiwa bado tumboni mwa mama huleta ugonjwa wa akili. Ni kweli?

Huongeza uwezekano. Katika jiji la Wuhu, China, watu waliozaliwa 1960 na 1961, kipindi cha njaa kuu iliyoanza 1959, walipata skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili unaovuruga fikra, kwa takriban 2 kati ya 100, kutoka chini ya 1 kabla yake. Uholanzi, baada ya njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, ongezeko lilikuwa maradufu pia. Waliobaki, zaidi ya 97 kati ya 100, hawakuugua.

Nifanye nini sasa nyumbani?

Chakula kwanza. Huko Guatemala, wavulana waliopewa uji wenye protini kabla ya miaka mitatu walipokua walilipwa asilimia 46 zaidi kwa saa ya kazi.

Kisha cheza naye, na hapa ndipo wengi tunapopunguza kasi. Mjini Kingston, Jamaica, miaka ya 1986 na 1987, wahudumu wa afya ya jamii walianza kutembelea nyumba za watoto waliodumaa, saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Walikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani, wakamwonyesha mama namna ya kuongea na mtoto, kumtajia majina ya vitu na kumsifu. Miaka 20 baadaye kipato cha watoto hao kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko cha wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa. Chupa tupu ya maji yenye maharage ndani, kifuniko kikiwa kimefungwa imara, inatosha kuanzia leo jioni.

Niseme nini nikienda dukani kununua dawa?

Taja uzito wa mtoto wa wiki hii, usitaje umri peke yake. Kama huujui, mpeleke kwanza akapimwe. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, omba apimwe pia kwa ule utepe wa mkono: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na huyo anahitaji matibabu ya utapiamlo haraka, siyo dawa ya dukani. Kadi yake ya kliniki usiitupe akitimiza miaka mitano. Itunze na vyeti vyake, umpe mwenyewe akishakuwa mkubwa.