Mzee anayetunzwa nyumbani: tunayoyaamini Moshi na jinsi mambo yalivyo

Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye uwiano mkubwa wa wazee. Vijana wameteremka kutafuta maisha Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, kihamba, yaani shamba la ukoo, kimebaki na babu na bibi. Desemba magari yanapanda mlimani yamejaa watu na mizigo, Januari yanashuka, na bibi mwenye presha anabaki na mjukuu wa darasa la tano. Serikali ina sera, ina vitambulisho, ina wahudumu vijijini. Vingi kati ya hivyo havimfikii bibi huyo, na mara nyingi kinachomzuia ni yale tunayoyaamini sisi wanawe.

"Ukifika miaka sitini unatibiwa bure, unaingia tu"

Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Sera ya Afya ya 2007 ikaelekeza kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Hapo kwenye "asiye na uwezo" ndipo watu wanaporuka. Mstaafu mwenye bima anatibiwa kwa bima yake. Asiye na kitu anatibiwa kwa msamaha wa malipo, lakini lazima awe ametambuliwa kwanza, na utambuzi hauanzii dirishani hospitali. Unaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, jina linapita kwa watu wa ustawi wa jamii, linafika halmashauri, ndipo kitambulisho kinatoka. Ndiyo maana nawasihi watu walifuatilie mzee akiwa bado anatembea. Ukianza kuzunguka na picha ndogo na barua ya mtendaji wakati mgonjwa yuko kwenye machela, utalipa kwanza na kuuliza baadaye.

Halafu kuna ngazi. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Mawenzi ambayo ni ya rufaa ya mkoa, kisha KCMC, hospitali kubwa ya hapa Moshi inayohudumia kanda nzima ya kaskazini tangu 1971. Anayeruka moja kwa moja hadi juu bila barua ya rufaa anajitafutia gharama, hata kama kitambulisho anacho.

Upande wa pili nao usemwe. Bango la "Mpishe mzee apate huduma kwanza" limebandikwa ukutani, mzee anapishwa kweli, anamwona daktari, anafika dirisha la dawa anaambiwa hakuna, akanunue nje. Kituo kinachosamehe malipo mara nyingi hakirudishiwi fedha ile, na bado kinatakiwa kiagize dawa. Msamaha wa kumwona daktari peke yake haumtibu mtu mwenye presha, ambaye anahitaji vidonge kila siku ya maisha yake. Hapa serikali inadaiwa, na mabaraza ya wazee ya vijiji na kata yana haki ya kulisema hilo kwenye vikao bila kuomba radhi.

"Presha ukiwa nayo utajua tu"

Hutajua. Utafiti uliofanywa Wilaya ya Hai, hapo hapo kati ya Moshi na Arusha, uliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi waishio vijijini. Karibu saba katika kila kumi walikuwa na presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wamegundulika. Mtu mwenye presha anaweza asiumwe kichwa, asisikie kizunguzungu, akawa anakata majani ya ng'ombe kama kawaida. Kipimo peke yake ndicho kinachosema.

Dhana pacha yake ni kuacha dawa ukijisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Vidonge vya presha havina mwisho wa dozi kama vya malaria, na mzee anayemeza siku za kliniki tu, ili kipimo kisome vizuri mbele ya nesi, anamdanganya nesi lakini hadanganyi mishipa yake.

Wala jambo hili si la wazee peke yao. Uchunguzi wa kitaifa wa 2012 uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na kama tisa katika mia wana kisukari. Mtu anayelima kihamba kutwa kwa jembe hahitaji kuhubiriwa mazoezi, anayafanya. Shida ni mtoto wake aliye mjini, anayekaa dukani toka asubuhi, anarudi kwa bodaboda na kula chipsi mayai usiku, huku akijiona ni mtu wa mlimani mwenye mwili mgumu. Na chumvi ina ndugu yake tunayemsahau jikoni: magadi. Yale yanayolainisha maharage na kuingia kwenye kiburu, kile chakula cha ndizi na maharage, yana sodiamu kama chumvi, na mara nyingi yana floridi nyingi, ile inayoharibu meno na mifupa na ambayo maji ya maeneo mengi ya Arusha na Meru tayari yanayo ya kutosha. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyomo tayari kwenye mkate na soseji.

"Amepooza, huyo karogwa, mkandeni na maji ya moto"

Hapa ndipo ninapoumia zaidi, kwa kuwa ndipo muda unapopotea. Kiharusi ni mshipa wa damu kwenye ubongo ulioziba au uliopasuka, na presha isiyotibiwa ndiyo mlango wake mkubwa. Uso umepinda upande mmoja, mkono umelegea, maneno hayatoki: hizo ni dalili za kukodi gari saa hiyo hiyo. Usimpe asprini nyumbani, maana kama mshipa umepasuka unaongeza damu kuvuja, na bila picha ya kichwa hakuna anayejua ni upi kati ya hiyo miwili. Usimnyweshe chochote kabla hajaangaliwa kama anameza sawasawa.

Kukanda kwa maji ya moto kunaonekana ni upendo, na ni upendo. Ila upande uliopooza mara nyingi hausikii joto. Mgonjwa anaungua hasemi, na malengelenge yanaonekana kesho yake. Kumvuta kwa ule mkono mlegevu ili umkalishe ni kosa jingine, kwani bega linachomoka taratibu na maumivu yake hayaishi haraka.

Kinachosaidia kinafundishika kwa mtu yeyote wa nyumbani. Niliwahi kumwangalia mtaalamu wa mazoezi tiba akimwelekeza binti mmoja kitandani kwa baba yake. Alimkunja goti la upande dhaifu, akaweka mkono mmoja begani na mwingine kwenye nyonga, akamgeuza baba kwa mkupuo mmoja mpole, akapachika mto kati ya magoti na mwingine mgongoni. Kisha akamwambia binti arudie, akarudia mpaka mikono ikazoea. Kugeuza namna hiyo kila baada ya saa mbili, shuka likiwa kavu na limenyooshwa, ndiko kunakozuia vidonda vya kulala, na vidonda hivyo ndivyo vinavyowamaliza wengi ambao kiharusi chenyewe hakikuwaua. Kulisha nako kuna namna: mgonjwa akae wima, kidevu kiinamishwe kidogo, chakula kiwe kizito kiasi, kijiko kidogo kidogo. Uji mwepesi ukipita njia ya hewa unaleta nimonia.

Utaalamu huu uko Moshi kuliko sehemu nyingi za nchi. Pale KCMC wanafundishwa wataalamu wa mazoezi tiba, na tangu 1981 kipo chuo cha TATCOT kinachofunza watengenezaji wa viungo bandia na vifaa vya kusaidia kutembea, wanafunzi wakitoka nchi nyingi za Afrika. Inasikitisha mtu wa Kibosho au Machame kumaliza miezi kwa mganga wakati huduma za utengamao, za kumrudishia mgonjwa uwezo wake, ziko mwendo wa daladala moja au mbili. Miezi ya mwanzo ndiyo ubongo unapojifunza upya kwa kasi zaidi.

"Kusahau ni uzee tu"

Kusahau ulipoweka miwani ni uzee. Kusahau njia ya kutoka kanisani kwenda nyumbani ulikoishi miaka hamsini, au kumshutumu mkwe kuwa ameiba hela ulizozificha mwenyewe, ni ugonjwa. Huko Hai, takriban wazee sita katika mia wenye miaka 70 na kuendelea walikutwa na tatizo hilo la ubongo. Hauponi, lakini unatunzika. Vikundi vya mazungumzo, nyimbo na kumbukumbu za zamani vilijaribiwa huko huko Hai na vikaleta nafuu. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, huo si usahaulifu wa uzee hata kidogo. Mara nyingi ni maambukizi, sukari au dawa, na ni wa kupelekwa hospitali.

"Nikishindwa nitampeleka Njoro"

Makazi ya wazee ya Njoro, hapa Moshi, ni ya serikali, kama ilivyo Nunge kule Kigamboni na Kolandoto huko Shinyanga. Hayajengwi kwa ajili ya mzee ambaye watoto wake wana shughuli nyingi. Ni ya asiye na ndugu wala uwezo, na anayemfikisha huko ni ustawi wa jamii baada ya kujiridhisha. Sera inaiweka familia kuwa mtunzaji wa kwanza. Mimi naliunga mkono hilo, ila silikubali likitumika kumtwisha mtu mmoja mzigo wa ukoo mzima.

Maana dhana ninayoiona ngumu kuliko zote ni kwamba anayemtunza hahitaji kitu, anafanya wajibu wake. Mara nyingi ni binti ambaye hakuolewa, au dada wa kazi ambaye hakuna aliyemwonyesha hata kugeuza mgonjwa. Tanzania Bara haina posho ya mtunzaji. Haina pensheni ya wazee wote pia, kama ile iliyoanza Zanzibar 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa waliofika miaka 70. TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ipo, lakini ruzuku yake ni ya kaya maskini, haitazami umri peke yake.

Mofini nayo, kwa wenye saratani, bado inaogopwa kama dawa ya kumaliza mtu. Inatuliza maumivu, na ikitolewa kwa vipimo haiui. Watu wa tiba shufaa, wanaowatuliza wagonjwa wenye maradhi mazito, wanaifahamu vizuri.

Kilichobadilika karibuni ni mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa Januari 2024, unaolenga wahudumu 137,294 nchi nzima. Wengi wanadhani ni watu wa chanjo na wajawazito. Kazi yao ni jumuishi, na magonjwa yasiyoambukiza yamo. Muulize mtendaji wako mhudumu wa kitongoji chenu ni nani, umpe jina la mzee, dawa anazomeza, na namba ya simu ya yule anayelala naye nyumba moja.