Usitishaji wa Mapigano: Maana Yake, na Ubishi wa Warundi Juu Yake

Usitishaji wa mapigano ni makubaliano ya pande zinazopigana kwamba kuanzia siku na saa fulani hakuna atakayemshambulia mwenzake. Neno lenyewe linatokana na kusita, na anayesita anaweza kuendelea na safari yake. Ndiyo maana kusitisha vita si sawa na kuvikomesha. Mkataba wa amani hushughulikia yaliyowafanya watu washike silaha, yaani nani atawale, jeshi liwe la nani na mkimbizi arudishiwe vipi shamba lake. Taarifa za habari huyachanganya mambo haya mawili mara nyingi mno, na msikilizaji hubaki akishangaa kwa nini watu wanauawa ilhali amani imekwisha tiwa saini.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ubishi mkali wa kisiasa huwa ni kipi kitangulie. Burundi inalionyesha jambo hili waziwazi. Vita vyake vilianza baada ya wanajeshi, wa jeshi lililoshikwa na Watutsi, kumuua Rais Melchior Ndadaye, Mhutu aliyechaguliwa na wananchi, tarehe 21 Oktoba 1993, miezi michache tu baada ya uchaguzi. Mazungumzo ya Arusha yalipofunguliwa Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere, washiriki walitangaza kwamba uhasama ungesimama kuanzia tarehe 20 Julai mwaka huohuo. Tarehe hiyo ilifika na kupita, na watu wakaendelea kufa.

Upande wa serikali ya Rais Pierre Buyoya, mwanajeshi wa Kitutsi, pamoja na vyama vya Watutsi, ulitaka bunduki zinyamaze kwanza, kwani kukubali mageuzi huku waasi wakishambulia kungekuwa kuwazawadia. Wapiganaji wa Kihutu nao waliona kwamba silaha ndiyo kitu pekee kilichomlazimisha mtawala aketi nao, na kwamba kuziweka chini kabla jeshi halijabadilishwa ni kujikabidhi kwa jeshi lilelile lililomuua Ndadaye. Sioni haki kuiita hofu yoyote kati ya hizi kisingizio. Mtutsi aliyekumbuka mauaji ya Watutsi wa Burundi mwaka 1993 na ya Rwanda mwaka 1994 alilitazama jeshi kama ukuta wa mwisho wa nyumba yake, wakati Mhutu aliyekumbuka jinsi jeshi lilivyowaua Wahutu mwaka 1972 aliliona jeshi hilohilo kuwa ndilo hatari yenyewe.

Kulikuwa pia na ubishi juu ya nani aketi mezani. CNDD, kundi kubwa la waasi wa Kihutu, ilikuwa imegawanyika muda mfupi kabla ya mazungumzo kufunguliwa. Kiti kilibaki kwa kiongozi wake wa kisiasa, Léonard Nyangoma, ilhali wapiganaji walio wengi walikuwa wamekwisha mfuata Jean-Bosco Ndayikengurukiye, ambaye hakualikwa. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa kubwa, kwa kuwa asiye na askari hawezi kuamuru askari waache kupiga. Nelson Mandela, aliyeshika usuluhishi baada ya Mwalimu kufariki Oktoba 1999, alijitahidi kuwavuta wenye silaha, na aliikemea serikali hadharani kwa kuwakusanya mamia ya maelfu ya wanakijiji kambini kandokando ya Bujumbura.

Hata hivyo, Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000 bila vikundi vikuu vya wapiganaji kuwamo. Ulikuwa na itifaki juu ya chanzo cha mgogoro, demokrasia, usalama na ujenzi mpya, na kiambatisho kilichotengewa usitishaji wa mapigano. Siku ya saini hapakuwa na makubaliano ya kutia humo. Wakosoaji waliuita mkataba wa karatasi. Mimi nadhani walikosea kwa sehemu: karatasi hiyo ilikuwa imekwisha kukubali kwamba kabila moja lisizidi nusu ya jeshi, na bila kanuni hiyo wapiganaji wasingekuwa na la kujadili walipokuja baadaye.

Ndipo ikaonekana kwamba usitishaji wa mapigano una mambo mengi ndani yake kuliko kunyamaza kwa bunduki. Lazima ielezwe wapiganaji watakusanyika wapi, nani atawalisha, nani atazihesabu silaha, na nani atapata cheo gani. Huko Pretoria, Oktoba 2003, CNDD-FDD ya Pierre Nkurunziza, iliyotokana na lile tawi la wapiganaji walio wengi, ilikubaliwa kupata asilimia 40 ya maofisa wa jeshi jipya pamoja na wizara nne, na mwezi uliofuata, Dar es Salaam, ikasaini usitishaji kamili wa mapigano. Palipehutu-FNL ya Agathon Rwasa, kundi jingine la waasi wa Kihutu, ilisaini wake Septemba 2006, ikapigana tena karibu na Bujumbura Aprili 2008, na ikageuka kuwa chama cha siasa mwaka 2009.