Mtoto ameingia chuo Lubumbashi: maswali ya wazazi katika muhula wa kwanza

Mimi ni muuguzi katika kituo kidogo cha afya upande wa barabara ya Kassapa, Lubumbashi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kila mwaka, mvua zikishika na kozi zikichanganya, benchi letu hujaa vijana wa mwaka wa kwanza. Wametoka Kalemie, Manono, Kamina, Kasenga, Kolwezi. Wengi wana miaka 17 mpaka 19, diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, wameipata juzi tu, na hawajawahi kulala mwezi mzima mbali na mama yao. Nyuma ya kila mmoja kuna mzazi mwenye simu mkononi. Haya ndiyo maswali ambayo wazazi hao hutuuliza mara nyingi, na majibu ninayowapa.

Mwanangu ameugua malaria mara tatu tangu aanze chuo. Kuna nini huko Lubumbashi?

Malaria ipo, mama, tena msimu wa mvua ndio wakati wake. Lakini kabla hatujaulaumu mji, nikuulize: hizo mara tatu, alipimwa damu?

Kijana mmoja alikuja kwetu mara ya tatu ndani ya mwezi mmoja. Kichwa kinauma, tumbo linavuruga, mwili umelegea, moyo unakwenda mbio. Huku daktari au muuguzi tunamwita munganga. Akaniambia, "Munganga, unitundikie tu serumu ya kinini, hii malaria naijua." Nikamchoma kidole, nikaweka tone la damu kwenye kipimo, tukangoja zile dakika 15. Tukiwa tunangoja nikamuuliza amekula nini. Akatazama viatu vyake. Ilikuwa inakaribia saa sita mchana, na mara ya mwisho kutia kitu mdomoni ilikuwa jana yake saa tisa: maandazi mawili na chai. Usiku alikuwa analala pembeni mwa godoro la watu watatu, na kabla ya kulala anasoma silabi, yaani maandishi ya kozi, kwa taa ya simu hadi saa nane usiku. Kipimo kikatoa mstari mmoja tu. Malaria haikuwepo.

Hakuwa anadanganya, maumivu yake yalikuwa ya kweli kabisa. Mtu akikaa na hofu siku nyingi, mwili wake hutoa adrenalini na homoni nyingine kana kwamba kuna simba mlangoni. Moyo hudunda, jasho hutoka, misuli ya shingo hukaza mpaka kichwa kiume, tumbo huharibika. Njaa nayo huleta kutetemeka na kizunguzungu. Kukosa usingizi huongeza uzito juu ya yote hayo. Kwetu sisi, mtu mwenye dalili hizo jina la kwanza linalomjia ni malaria, maana tangu utotoni kila uchovu tumeuita hivyo. Akimeza dawa ya malaria bila kupimwa, pesa imekwenda, njaa imebaki, hofu imebaki, na wiki ijayo anarudi.

Kwa hiyo mwambie hivi: kila homa ipimwe siku hiyo hiyo, ndipo anywe dawa. Malaria ikionekana, dawa ya kumeza ni ya siku 3, na azimalize zote hata kama siku ya pili anajisikia mzima. Chandarua akitembee nacho, hata akienda kulala kwa rafiki. Akianza kuchanganyikiwa, kupata degedege, kutapika kila anachomeza, kushindwa kusimama au kukojoa mkojo mweusi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kungoja kuche ni hatari.

Kila nikimpigia anasema "niko muzuri". Nitajuaje ukweli?

Kwanza tuelewe kwa nini anasema hivyo. Anajua mbuzi wangapi waliuzwa. Anajua lile lupango (kiwanja) la shangazi liliwekwa rehani ili minervali, yaani ada ya chuo, ilipwe. Huko shuleni kwao alikuwa wa kwanza, leo yuko katika ukumbi wa mamia ya watu, profesa anakwenda mbio kwa Kifaransa, na yeye ameona maji yamezidi unga. Atamwambiaje baba aliyemtembeza kartie (mtaa) nzima akisema "huyu ndiye daktari wetu"?

Ndiyo maana nawaomba wazazi, nawaomba kwa moyo wote: uliza tumbo na usingizi kabla ya pointi, yaani alama za mitihani. Usimuulize "umekula?", kwa sababu atajibu ndiyo. Muulize, "Leo umekula nini, na nani?" Muulize, "Jana ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi?" Kijana wa umri huu anahitaji usingizi wa saa 7 hadi 9, na ubongo hupanga yale yaliyosomwa wakati mtu amelala, kwa hiyo anayekesha kila siku anajipunguzia yale yale anayotafuta. Ukishauliza, nyamaza. Acha dakika ziende. Nimewahi kukaa na mama mmoja alipompigia binti yake. Kimya kilikuwa kirefu mpaka mama akatoa simu sikioni kuangalia kama mstari umekatika. Ndipo binti akasema taratibu, "Mama, ile sufuria uliyonipa, waliiiba." Alikuwa hajapika kwa siku tisa, na hakuna aliyejua.

Chagueni siku moja isiyobadilika, labda Jumapili baada ya ibada, ili simu isiwe ya dharura peke yake. Mtandao ukisumbua, ujumbe wa sauti unatosha. Na ile ya kumpigia saa kumi na moja alfajiri kumwambia "nimeota ndoto mbaya juu yako", tuiache jamani. Tunawaona asubuhi hiyo hiyo hapa kituoni, mikono inatetemeka.

Pesa ya chakula nimtumie yote mara moja, au kidogo kidogo?

Kidogo kidogo, kila wiki kama unaweza, kwa M-Pesa au Airtel Money. Kijana ambaye hajawahi kupanga matumizi hula vizuri siku kumi za kwanza, kisha anaishi kwa chai. Bora zaidi ni vitu: unga, maharagwe, mafuta, ndagala (dagaa) wakavu wa Kalemie kwa wenye njia ya kuwapata. Bukari (ugali) kwa maharagwe inamtosha mtu kusoma mchana kutwa. Mhimize apike na wenzake wawili watatu, kwa zamu. Makaa yanapungua, na mtu anayekula na wenzake, siku asipotokea watamtafuta.

Jambo moja ambalo wazazi hawalijui: vijana wengi hutuliza kichwa cha njaa kwa vidonge vya maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki zikimezwa tumbo likiwa tupu, siku baada ya siku, huchubua tumbo na zinaweza kuleta vidonda. Akitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni dharura.

Nitatofautishaje kukumbuka nyumbani na ugonjwa wa kweli wa akili?

Kukumbuka nyumbani ni kama mawimbi. Jioni analia, kesho yake anacheka na wenzake uwanjani, na kadiri wiki zinavyopita anazoea. Ugonjwa wa huzuni hautoki. Kipimo tunachotumia ni wiki 2: karibu kila siku ana huzuni au hana hamu ya kitu chochote, hata kile alichokipenda. Usingizi umeharibika, amekonda au anakula kupita kiasi, hawezi kushika masomo, anajiona hana thamani. Anaacha kuoga. Hapokei simu ya mtu yeyote, hata ya mdogo wake.

Kuna hali nyingine ambayo nataka wazazi waijue bila kuogopa kuitaja. Magonjwa makubwa ya akili, yale ya kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii au kuamini kwamba watu wote wanamfuatilia, mara nyingi huanza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, yaani umri huu huu wa kuingia chuo. Bangi inaongeza hatari, hasa kwa mwenye ndugu aliyewahi kuugua. Lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, na vidonge vya tramadoli vinavyouzwa kimya kimya navyo vinaharibu zaidi.

Likitokea, familia nyingi huita mkutano na kutafuta ni nani wa ukoo aliyemfanyia. Mimi ni mtu wa kanisa, naomba, na sitamwambia mzazi aache kuomba. Ila usimfungishe mgonjwa chakula, usimfunge kamba, na usingoje maombi ya siku 40 yaishe ndipo utafute munganga. Akianza matibabu mapema, nafasi yake ya kurudi darasani ni kubwa zaidi. Hapa Lubumbashi kuna Kituo cha Joseph Guislain cha Mabradha wa Upendo kinachotibu magonjwa ya akili. Wenye watoto Bukavu wana Sosame, na wa Goma wana Tulizo Letu.

Nikimuuliza kama anafikiria kufa, si nitakuwa nimemtia wazo hilo kichwani?

Hapana. Kumuuliza kwa upole hakumtii wazo, kunamtua mzigo. Sema waziwazi: "Mwanangu, umefika mahali pa kutaka kufa?" Akikubali, usimhubirie wala usimlaumu. Asibaki peke yake hata usiku mmoja, aondolewe karibu na dawa nyingi na sumu ya panya, mtu mzima amfikie siku hiyo na ampeleke kwa munganga. Kwa sababu hiyo, kabla mtoto hajapanda gari, andika namba 3: ya ndugu aliye mjini, ya mwenzake wa chumbani, ya mtu wa parokia au kanisa lake.

Binti yangu anasema mwalimu mmoja anataka "wakutane" ndipo ampe pointi. Nifanye nini?

Mwamini. Neno la kwanza likiwa "ulikuwa umevaaje?" hatakueleza tena kitu. Tabia hii inajulikana katika vyuo vyetu mpaka imepewa jina, pointi za zinaa, na si kosa la watoto wetu. Sheria ya 20 Julai 2006 kuhusu ukatili wa kijinsia inaadhibu usumbufu wa kingono. Atunze jumbe zote, asiende ofisini peke yake, na ajue kwamba ninyi mko tayari apoteze kozi kuliko apoteze amani yake.

Kama amelazimishwa, saa ndizo zinazohesabiwa. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, mapema zaidi ndivyo vizuri zaidi, na hunywewa siku 28. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, lakini nguvu yake inapungua kila siku inayopita. Afike hospitali kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo akiweza. Akiwa ameshaoga, aje vilevile.

Mtoto wangu ni SS, ana ugonjwa wa selimundu. Atayaweza maisha ya chuo?

Wapo wanaoyaweza, na wanamaliza. Maji anywe siku nzima, asidi ya foliki asiiache, na hidroksiurea pia kama amepewa. Kiangazi cha Lubumbashi, Juni na Julai, kina baridi ya usiku ambayo mtoto wa Kalemie haijui, na baridi huamsha maumivu: mpe blanketi nzito tangu sasa. Homa kwa SS si ya kungojea. Mwenzake mmoja ajue hali yake, hata kama yeye hapendi kuisema. Mwenye kifafa ni vilevile: dawa kila siku, na kukesha kunaweza kumletea kifafa hata akiwa anameza dawa.

Na maji ya kunywa?

Yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, basi. Kipindupindu hurudi katika mkoa wetu. Akianza kuharisha maji maji mfululizo, akimbilie kituo cha afya huku anakunywa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Amefeli kozi mbili na anataka kurudi nyumbani. Nimrudishe?

Ninyi mliosoma wakati wa graduat, ule mfumo wa zamani wa chuo, mnasikia "amefeli" mnaona mwaka umekufa. Katika mfumo wa sasa wa LMD (Licence-Maîtrise-Doctorat) muhula una kredi 30, na kredi za kozi alizofaulu zinabaki zake. Mwambie hivyo kabla ya neno lingine lolote, kisha muulize usingizi na chakula kama kawaida.

Ukiweza, usimrudishe kwa simu. Panda gari uje. Yule baba wa Manono, ambaye mwanawe ndiye wa ile malaria isiyokuwepo, alikuja na mfuko wa unga na godoro la sifongo amelikunja kwa kamba. Alilala usiku mmoja sakafuni katika chumba cha watoto wale. Asubuhi alinipitia kituoni kuuliza bei ya chandarua, akanunua vitatu.